Taya Likiuma, Usikimbilie Kung'oa Jino

Katika somo hili tutajifunza habari za kiungo kimoja cha mwili ambacho watu wengi hawakijui, ingawa wanakitumia tangu asubuhi mpaka usiku. Ni kiungo cha taya. Ukila bugali, kinafanya kazi. Ukisema, ukicheka, ukipiga miayo au ukiimba katika kwaya, kinafanya kazi. Hata ukimeza mate, kinasogea kidogo. Kwa hiyo kikiuma, mtu hana raha. Hali vizuri, halali vizuri, na kusema kwenyewe ni taabu.

Watu wengi wakisikia maumivu hayo hufikiri, "Jino langu limeoza." Huenda kwa mtu mwenye koleo, naye hung'oa jino. Kesho yake maumivu yapo palepale. Hurudi, na jino la pili hung'olewa. Maumivu bado yapo palepale. Sasa mtu huyu ana taabu mbili: taya linauma kama zamani, na meno mawili mazima yamepotea. Nawe unajua ya kuwa jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Basi neno kubwa la somo hili ndilo hili: tafuta kwanza maumivu yanatoka wapi, ndipo utafute dawa.

1. KIUNGO CHA TAYA NI NINI?

Taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda kama upinde. Ncha zake mbili zinapanda juu mpaka karibu na masikio. Hapo kila ncha inaingia katika shimo dogo la mfupa wa kichwa. Kwa hiyo una viungo viwili vya taya, kimoja upande wa kuume na kimoja upande wa kushoto. Fikiri mlango wenye bawaba mbili. Bawaba moja ikiharibika, ya pili nayo haifanyi kazi sawasawa.

Lakini kiungo hiki kinapita bawaba ya mlango. Bawaba huzunguka tu. Kiungo cha taya huzunguka, tena huteleza mbele na kurudi nyuma. Jaribu sasa hivi. Weka kidole kimoja mbele ya kila sikio. Fungua kinywa polepole. Utasikia mfupa unatembea chini ya kidole. Funga kinywa, utasikia unarudi mahali pake. Hapo ndipo kiungo kilipo.

Katikati ya mifupa hiyo kuna kipande chembamba chenye nguvu, kinachonyumbuka. Kinakaa kama mto ili mfupa usisugue mfupa. Tena kuna misuli yenye nguvu nyingi inayovuta taya. Ukitaka kuijua, weka mikono mashavuni, kisha uma meno. Unasikia misuli inavimba? Sasa weka vidole pembeni mwa paji la uso, uume meno tena. Huko nako misuli inavimba. Kwa sababu hiyo mtu mwenye ugonjwa wa taya mara nyingi huumwa na kichwa pia. Na kwa kuwa kiungo ki karibu sana na sikio, wengine huja hospitali wakisema, "Sikio langu linauma," na mganga akitazama ndani ya sikio haoni ugonjwa wowote.

Kuna kipimo chepesi. Chukua vidole vyako vitatu, yaani cha shahada, cha kati na cha pete. Vipange kimoja juu ya kingine, uviweke katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi wenye taya zuri huweza kufungua kinywa hivyo, yaani milimita 40 mpaka 50. Kama vidole viwili tu vinaingia kwa shida, kuna jambo linalozuia.

2. KWA NINI KIUNGO HIKI HUUMA?

Sababu ni nyingi, na mara nyingi mtu mmoja ana sababu mbili au tatu pamoja.

Kusaga meno usiku. Mtu mwenyewe hajui, kwa maana amelala. Mke wake au mume wake ndiye anayesikia meno yakisagana. Asubuhi anaamka mashavu yamechoka, kana kwamba alikuwa akitafuna usiku kucha.

Kuuma meno mchana. Meno ya juu na ya chini hayakupaswa kugusana ila wakati wa kula na wakati wa kumeza. Lakini mtu mwenye hasira, au hofu, au mashaka ya deni na ya karo ya watoto, huuma meno bila kujua. Vivyo hivyo mama anayepanda mlima na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba ikimvuta kichwani. Anakaza shingo, anakaza na meno. Saa nzima misuli ya taya haipati kupumzika.

Kutumia meno kama chombo cha kazi. Wako wanaofungua chupa kwa meno, wanaovunja kokwa za ngazi kwa meno, na wanaokata kamba kwa meno. Meno ni ya kutafuna chakula. Hayakuwekwa mahali pa nyundo wala kisu.

Kutafuna upande mmoja tu. Mtu mwenye jino bovu upande wa kuume hutafuna siku zote upande wa kushoto. Kiungo kimoja kinafanya kazi ya viwili, nacho kinachoka.

Kufungua kinywa mno, au kwa muda mrefu. Hii hutokea mtu akipiga miayo mikubwa, au akikaa kinywa wazi kwa mganga wa meno.

Pigo. Mtu ameanguka kwa pikipiki, au amepigwa na mpira au ngumi.

Ugonjwa wa viungo vyote. Wako watu ambao vidole, magoti na viungo vingine vyao huvimba na kuuma kwa miaka. Ugonjwa huo unaweza kuingia katika kiungo cha taya pia.

Unaona ya kuwa hizi ni sababu za mwili na za maisha ya kila siku. Usimtafute jirani wa kumshitaki kwamba amekuloga.

3. NI KIUNGO, AU NI JINO, AU NI SIKIO?

Kabla ya kwenda hospitali unaweza kujichunguza mwenyewe kidogo.

Alama za kiungo na misuli ni hizi. Maumivu yako mbele ya sikio, shavuni, au pembeni mwa paji la uso. Yanazidi unapotafuna kitu kigumu au unapopiga miayo. Ukibonyeza kwa kidole mbele ya sikio, panauma. Taya linalia unapolifungua, au linakwenda upande. Ukiulizwa, "Ni jino gani?" huwezi kuonyesha moja, unapitisha mkono shavu zima.

Alama za jino ni nyingine. Mgonjwa huonyesha jino moja kwa kidole. Pengine jino lina tundu. Maji baridi au kitu chenye sukari kinaliamsha. Ukiligonga polepole kwa kijiko, linauma kuliko mengine. Ufizi wake umevimba au unatoa usaha.

Alama za sikio ni usaha unaotoka, homa, na kutosikia vizuri. Tena mara nyingi ukivuta sikio lenyewe, linauma.

Lakini angalia: mtu anaweza kuwa na jino bovu na kiungo kibovu pamoja. Kwa hiyo muuguzi au mganga na atazame yote, kinywa, sikio na kiungo, kabla ya kuamua.

Wengine huogopa kwa sababu taya lao linalia "ka!" wanapokula. Kama linalia tu, pasipo maumivu, na kinywa kinafunguka vizuri, usiogope. Watu wengi wanaishi hivyo miaka yote. Sauti peke yake haihitaji dawa.

4. UTUNZAJI WA NYUMBANI

Hii ni habari njema: watu wengi wenye maumivu ya kiungo cha taya hupata nafuu kwa majuma machache, pasipo kupasuliwa na pasipo dawa za bei kubwa. Kazi kubwa inafanywa na mgonjwa mwenyewe nyumbani. Fanya hivi.

(a) Pumzisha taya. Jifunze maneno haya: midomo pamoja, meno mbalimbali. Maana yake, funga midomo yako pasipo kukaza, ncha ya ulimi iguse juu nyuma ya meno ya mbele, lakini meno yasigusane. Jikumbushe mara nyingi mchana. Chagua alama ya kukukumbusha. Kila unapovuka mlango, au kila unaposikia kengele, jiulize, "Meno yangu yanagusana?" Kama yanagusana, yaachanishe.

(b) Kula chakula laini kwa majuma mawili. Hiki si chakula cha anasa, kipo kwako. Uji, bugali laini, maharagi yaliyopikwa sana na kupondwa, sombe iliyotwangwa vizuri, viazi vitamu, ndizi za kupika, mayai, samaki aliyechemshwa, avoka, papai. Acha kwa sasa mahindi ya kuchoma, miwa, karanga kavu, nyama ngumu na ubani wa kutafuna. Kata chakula vipande vidogo. Tafuna pande zote mbili. Usikiuke chakula kwa kuogopa maumivu, maana mwili dhaifu hauponi upesi.

(c) Tumia joto. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto, ukikamue, ujaribu kwanza kwa mkono ili kisikuunguze. Kiweke shavuni na mbele ya sikio kwa dakika 15 au 20, mara mbili au tatu kwa siku. Kikipoa, kichovye tena. Lakini kama taya limepigwa leo au jana, tumia kitambaa cha maji baridi kwa siku mbili za kwanza, ndipo uanze joto.

(d) Sugua misuli. Baada ya joto, sugua mashavu na pembeni mwa paji la uso kwa vidole, polepole, kwa kuzunguka, dakika chache. Usibonyeze kwa nguvu kama mtu anayekanda unga.

(e) Zoeza taya. Weka ncha ya ulimi juu kinywani. Fungua kinywa polepole mpaka pale ulimi unapotaka kuachia, kisha funga. Fanya mara 6, asubuhi, mchana na jioni. Ukisikia maumivu makali, punguza.

(f) Zuia miayo mikubwa. Miayo ikija, weka ngumi chini ya kidevu ili kinywa kisifunguke mno. Mwimbaji wa kwaya na apumzike majuma mawili, au aimbe kwa sauti ndogo.

(g) Lala vizuri. Usilale kifudifudi huku taya limebanwa na mkono. Afadhali ulale chali au kwa ubavu.

(h) Dawa ya maumivu. Paracetamoli yatosha watu wengi. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500, angoje saa 6 kabla ya kurudia. Vidonge visizidi 8 kwa mchana na usiku pamoja. Aliye mwembamba sana, au mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe nyingi, aulize muuguzi kwanza, maana kwake kipimo ni kidogo zaidi. Dawa iitwayo ibuprofeni husaidia pia, lakini imezwe baada ya kula, kwa siku chache tu. Haifai kwa mama mwenye mimba, wala kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo, au ugonjwa wa figo au wa moyo, wala kwa mwenye pumu asiyeuliza kwanza.

Usingoje kupona kwa siku moja. Mguu ulioteguka huponaje? Kwa kupumzishwa. Lakini taya haliwezi kulala kitandani kama mguu. Kila siku litakula na kusema. Kwa hiyo linataka uvumilivu wako.

5. MAMBO YASIYOFAA

Usikubali kung'olewa jino ambalo halina ugonjwa. Mwulize anayetaka kuling'oa, "Nionyeshe tundu au usaha." Kama haoni kitu, funga kinywa chako uende hospitali.

Usikubali kuchanjwa shavu kwa wembe, wala kuchomwa kwa chuma cha moto. Maumivu ya kiungo hayatoki kwa njia ya damu. Lakini wembe mchafu unaweza kuingiza vijidudu, na mtu aliyekuwa na maumivu tu anapata ugonjwa wa kuua.

Usimimine sikioni mafuta ya moto wala maji ya majani. Utaharibu sikio lililo zima.

Usinunue sokoni vidonge vya kuua vijidudu, kama amoksisilini, kwa ajili ya kiungo kilichochoka. Hapo hakuna vijidudu vya kuuawa. Umetupa franka zako, na siku utakapozihitaji dawa hizo kweli huenda zisifanye kazi.

Usilazimishe taya kulia kama watu wanavyolialisha vidole. Wala usiruhusu mtu alivute kwa nguvu.

6. KINYWA KIKIKATAA KUFUNGA

Pengine mtu hupiga miayo, au hucheka sana, au hung'olewa jino, na mara kinywa kinabaki wazi. Hawezi kufunga. Mate yanatiririka, hasemi maneno yanayosikika, naye anaogopa sana. Watu wa nyumbani hulia wakidhani amepatwa na pepo. Sivyo. Ncha ya taya imeteleza mbele kupita kiasi, imetoka katika shimo lake, na misuli imekaza, inaizuia isirudi.

Mtu huyu na aletwe hospitali au kituo cha afya siku ileile, upesi iwezekanavyo. Kadiri anavyokawia, misuli inazidi kukaza na kazi inazidi kuwa ngumu. Njiani mtulize. Mpe kitambaa cha kufuta mate. Asilazwe chali, asije akapaliwa na mate. Usimpe chakula. Usimpige kidevu kutoka chini. Watu wamevunja meno na mfupa kwa njia hiyo.

Hospitalini mganga humketisha mgonjwa chini, kichwa kikiegemea ukuta. Huvaa glavu, hufunga vidole gumba kwa kitambaa ili visiumwe, kisha huviweka juu ya meno ya nyuma ya chini. Hubonyeza taya chini, polepole na kwa nguvu isiyoachia, ndipo hulisukuma nyuma. Taya hurudi mahali pake, mara nyingi kwa dakika chache. Pengine mgonjwa huhitaji sindano ya kulegeza misuli. Kazi hii ni ya mtu aliyefundishwa. Kama taya lilipigwa, haifanywi kabla mfupa haujachunguzwa, kwa sababu huenda umevunjika.

Baada ya hayo mgonjwa na afuate sheria za chakula laini na za miayo kwa majuma mawili au matatu. Taya lililotoka mara moja hupenda kutoka tena.

7. MAGONJWA YASIYONGOJA

Sasa sikiliza kwa makini. Mpaka hapa tumesema, "Pumzika, vumilia." Lakini kuna magonjwa mengine yanayoanza tayani, na hayo hayana nafasi ya kungoja hata siku moja.

Pepopunda, ambayo wengi huiita tetanosi. Hapa taya linakaza, kinywa hakifunguki. Baadaye shingo na mgongo hukaza pia, uso hukunjamana kama wa mtu anayecheka, na kelele au mguso mdogo huleta mshtuko wa mwili mzima. Akili ya mgonjwa ni timamu. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na huingia kwa kidonda, hata kidonda kidogo cha mwiba au msumari. Mara nyingi ugonjwa hutokea siku 3 mpaka 21 baada ya kidonda. Pengine kidonda kimekwisha kufunga na mtu amekisahau. Mtoto mchanga ambaye alinyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 hawezi tena kunyonya na mwili unakaza, huyo naye huenda ana pepopunda. Mkimbize hospitali saa ileile. Ugonjwa huu huua, lakini unazuiwa kwa chanjo. Mama mwenye mimba apate chanjo zake zote, kitovu kikatwe kwa wembe mpya, na kisipakwe majivu wala mavi ya ng'ombe.

Jipu la jino. Uso umevimba, kuna homa, kinywa hakifunguki, na kumeza ni shida. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu na shingoni, ukainua ulimi, unaweza kuziba njia ya pumzi. Usingoje asubuhi.

Uvimbe wa taya la mtoto. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mganga mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, nchi ya Uganda, aliandika habari za uvimbe wa namna moja katika mataya ya watoto. Mwaka 1961 yeye na waganga wenzake wawili walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi katika Afrika ya mashariki na ya kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Walitambua ya kuwa ugonjwa huu hupatikana sana penye joto na mvua nyingi. Leo inajulikana ya kuwa mahali hapo ndipo penye malaria nyingi. Nasi katika Kongo tunaishi mahali pa namna hiyo. Alama zake ni hizi: meno ya mtoto yanalegea ingawa hayakuoza, shavu linavimba, mara nyingi pasipo maumivu makali, pengine jicho linasukumwa nje, au tumbo nalo linavimba. Hii ni saratani, nayo hukua upesi sana, hata ndani ya siku chache utaona tofauti. Lakini sikia hili pia: dawa za kuingizwa katika mshipa huishinda kwa watoto wengi, wakiletwa mapema. Baba, mama, usimng'oe mtoto meno hayo, wala usimpeleke kuchanjwa. Mlete hospitali juma hilihili.

Moyo. Mtu mwenye umri mkubwa anayesikia maumivu tayani akipanda mlima, pamoja na kifua kubanwa, jasho au pumzi fupi, na yakaacha akipumzika, taya lake halina kosa. Moyo ndio unaolia. Aende hospitali, na kama maumivu hayaachi akipumzika, apelekwe upesi.

Pigo. Baada ya kuanguka au kupigwa, kama meno hayakutani tena kama zamani, au damu inatoka kinywani, au kidevu kimekufa ganzi, mfupa huenda umevunjika. Fungia taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu na juu ya kichwa, bila kukaza, mradi mgonjwa hatapiki na anapumua vizuri.

Dawa nyingine. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, na dawa nyingine za ugonjwa wa akili kama haloperidoli, huweza kukaza taya, ulimi na shingo ghafula. Mwambie mganga dawa zote ulizomeza. Iko dawa ya kulegeza, nayo hufanya kazi upesi.

8. HOSPITALINI WATAFANYA NINI?

Kama umefanya utunzaji wa nyumbani majuma matatu na hakuna nafuu, au kinywa kinafunguka vidole viwili tu, au maumivu yanazidi, njoo. Usione haya. Mganga atakuuliza maswali mengi: yalianza lini, unasaga meno, umepigwa, una mashaka gani. Usifiche kitu. Habari za mashaka yako ni sehemu ya uchunguzi, kama vile kupima homa.

Atapima kinywa kinavyofunguka, atabonyeza misuli na kutazama meno na masikio. Picha ya mifupa hupigwa kama kuna sababu. Jino lililooza kweli litatibiwa, ili uweze kutafuna pande zote mbili. Mahali penye mganga wa meno, mtu anayesaga meno usiku huweza kutengenezewa kifuniko cha meno cha kuvaa anapolala, kinachoyalinda yasisagike. Kupasua kiungo ni kwa wachache sana, baada ya njia nyingine zote kujaribiwa.

MASWALI YA KURUDIA

1. Weka vidole mbele ya masikio, ufungue kinywa. Unasikia nini?
2. Meno ya juu na ya chini yapaswa kugusana wakati gani?
3. Taja alama tatu za maumivu ya jino, na alama tatu za maumivu ya kiungo.
4. Jirani yako amepiga miayo na kinywa hakifungi. Utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Mtoto wa ndugu yako ana meno yaliyolegea na shavu limevimba, lakini haliumi. Nyanya anasema wangoje mpaka mwezi ujao. Utamwambia nini?
6. Mtu ana kidonda cha msumari mguuni tangu juma lililopita, na leo taya limekaza. Kitambaa cha moto chamfaa?

Msomee jirani asiyejua kusoma somo hili, hasa sehemu ya 7. Anayeumwa na taya lililochoka, mwonyeshe uji na kitambaa cha moto. Anayeonyesha alama za hatari, msindikize njiani mpaka hospitali, usimwache aende peke yake.